Bahasa na wenzake: askari vijana waliobaki katika milima ya Fizi mwaka 1965

Alfajiri ya tarehe 26 mwezi wa kumi 1965, askari mmoja kutoka Kuba alikata roho katika milima ya Fizi. Risasi ilikuwa imeingia hadi kwenye pafu. Wenzake walimwita Bahasa. Jina alilopewa kwao ni Orlando Puente Mayeta. Alizikwa siku hiyohiyo, mkubwa wake akasimama mbele ya kaburi na kusema maneno, na baadaye maneno hayo yakaandikwa katika kitabu. Hivyo mtu yeyote leo anaweza kujua jina lake, siku aliyokufa na kitu kilichomuua.

Katika vita ile ile, kwenye milima ile ile, walikufa vijana wengi zaidi wa Fizi, wa Baraka, wa Uvira, wakimbizi wa Rwanda, hata askari wa serikali waliotoka majimbo ya mbali. Wengi wao hawana siku, hawana kaburi linalojulikana, na majina yao yako tu katika vichwa vya wazee. Makala hii inaeleza vita ile ilikuwa nini, kwa nini wafu wengine waliandikwa na wengine hapana, na familia inaweza kufanya nini kabla wazee wa mwisho hawajaondoka.

Vita ilifikaje Fizi

Wakaaji wengi wa mashariki wanaijua kama vita ya Mulele, juu ya Pierre Mulele aliyeanzisha uasi wake kule Kwilu, magharibi ya nchi. Lakini upande huu wa ziwa, mkubwa wake alikuwa Gaston Soumialot, ambaye chama cha waasi kilimtuma Burundi mwanzo wa mwaka 1964. Tarehe 15 mwezi wa tano 1964, mji wa Uvira uliingia mikononi mwa waasi. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie. Mwezi wa nane wakafika hadi Stanleyville, leo Kisangani.

Wapiganaji waliitwa Simba. Wengi walikuwa vijana kabisa, wengine bado watoto wa shule. Hawakuwa na mshahara. Bunduki zilikuwa chache, na mwanzoni wengine walikwenda na mikuki na mapanga tu.

Serikali ya Léopoldville iliwajibu kwa jeshi la taifa, ANC, pamoja na askari wa kulipwa kutoka nje, wale mamluki. Kikosi kilichojulikana zaidi ni Komando ya 5 ya Mike Hoare. Ndege na mashua za upande wa serikali ziliendeshwa pia na Wakuba, lakini hao walikuwa wakimbizi waliomkimbia Fidel Castro na wakaajiriwa na Wamarekani. Kwa hiyo, mwaka 1965, Wakuba walikuwa wanapigana na Wakuba wenzao katika nchi ya watu, juu ya maji ya Tanganyika.

Stanleyville ilirudishwa mikononi mwa serikali tarehe 24 Novemba 1964. Miji mingine ikafuata. Lakini Fizi na Baraka hazikushikwa. Milima ilikuwa mirefu, barabara mbaya, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa Kigoma, mlango wa kuingiza silaha na chakula. Fizi ikawa moja ya ngome za mwisho za waasi, na ndiyo sababu vita yake ilikuwa ngumu.

Watu walioitwa kwa namba

Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1965, mtumbwi wa mota uliotoka Kigoma usiku ulifika Kibamba, mwambaoni mwa ziwa, kusini ya Baraka. Ndani yake walikuwamo Wakuba wa kwanza. Mkubwa wao alikuwa Ernesto Che Guevara, daktari mzaliwa wa Argentina aliyekuwa waziri kule Kuba. Wakongomani wa Kibamba hawakujua ni nani. Waliambiwa tu anaitwa Tatu.

Safari ile ilikuwa siri, na kila mtu alitakiwa kuficha jina lake. Wakachukua namba za Kiswahili. Víctor Dreke, Mkuba mweusi aliyeonyeshwa kama ndiye kiongozi, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu. Luteni Norberto Pío Pichardo akawa Nne, jina ambalo Wakuba waliliandika "Inne" kwa jinsi masikio yao yalivyosikia. Daktari Rafael Zerquera akawa Kumi.

Wakuba walipoongezeka na kupita 100, majina mengine yakawa maneno tu. Mmoja aliitwa Tembo. Mwingine aliitwa Siki, kile kitu cha uchungu ambacho watu wa Baraka wanaita vinegre. Mwingine akaitwa Kawawa, jina la kiongozi mkubwa wa Tanzania wakati ule. Na mmoja akaitwa Bahasa.

Kwa watu wa Fizi, jambo hilo lilileta kicheko kwanza. Lakini lina upande wake mzito. Mtu anayekwenda vitani kwa namba anaweza kufa kwa namba. Askari wakimwokota hawawezi kujua ni mtoto wa nani. Vijana wa Simba nao walikuwa na majina ya vita. Mtu aliacha jina la baba nyumbani, akachukua jina la mnyama, la kiongozi au la kutisha. Alipokufa, mwenzake alirudi kijijini na jina moja, na mama alikuwa anangojea jina lingine.

Bendera, 29 Juni 1965

Vita kubwa ya kwanza ya kundi lile ilipiganwa Bendera, kwenye mtambo wa umeme wa mto Kiyimbi, ule uliopeleka umeme Albertville. Leo mahali hapo ni jimbo la Tanganyika, lakini njia ya kwenda ilipita katika milima ya Fizi. Che hakupenda mpango wa kushambulia. Aliona ngome ni kubwa na wapiganaji hawako tayari. Wakubwa Wakongomani waliagiza ifanyike, na yeye mwenyewe hakupewa ruhusa ya kwenda.

Waliokwenda walikuwa Wakuba, pamoja na Wanyarwanda waliokimbia nchi yao tangu miaka ya 1959 na kuendelea. Tarehe 29 Juni walishambulia, na shambulio likavunjika. Wakuba 4 walikufa: Norberto Pío Pichardo, yule Nne, pamoja na Víctor Manuel Ballester, Crisógenes Vinajera na Wagner Moro, yule Kawawa. Wanyarwanda waliokufa walikuwa zaidi ya 10.

Hapo tofauti ilianza kuonekana. Wale Wakuba 4 wana majina mawili kila mmoja, la vita na la nyumbani, na vitabu vimeyachapisha yote. Wanyarwanda walioanguka pembeni yao waliingia katika hesabu kama idadi. Na miili yote, ya hawa na ya wale, ilibaki upande wa adui.

Kuna jambo lingine la Bendera. Wakuba walikuwa wamekatazwa kwenda vitani na karatasi yoyote. Mmoja wa waliokufa alikuwa na daftari lake la kumbukumbu za kila siku. Askari wa serikali walipolisoma, wakajua kwa hakika kwamba Wakuba wa Castro wako Kongo. Daftari la kijana mmoja likafichua siri ya kikosi kizima. Pengine alikuwa anataka tu mtu wa kwao ajue siku moja alipitia wapi.

Baraka na Fizi zinaanguka

Tarehe 27 mwezi wa tisa 1965, mapema asubuhi, mamluki wa Hoare na askari wa ANC waliteremka kutoka mashua karibu na Baraka. Walifikiri Simba watakimbia kama kwingine. Hawakukimbia. Walipigana kwa siku kadhaa, kwa mpango, na Hoare mwenyewe aliandika kwamba hapo alikutana na adui tofauti na yule aliyezoea. Baraka ilishikwa. Karibu ya tarehe 10 mwezi wa kumi, Fizi nayo ikashikwa.

Hiyo ndiyo vita ambayo familia nyingi za Baraka, Mutambala na Lulenge zinaitaja bado. Watu walipanda milimani na watoto mgongoni. Wengine walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kuna wajukuu wao ambao wako Tanzania mpaka leo. Kijana aliyekuwa na bunduki siku zile alikuwa na njia tatu: kufa, kujificha porini, au kutupa bunduki na kuchanganyika na raia. Ndiyo maana ni vigumu kujua. Mama aliyekimbia kushoto na mtoto aliyekimbia kulia hawakuonana tena. Nyumbani watu walisema tu: "Alibakiaka kule." Neno hilo halikusema amekufa, halikusema pia yuko hai.

Askari wa upande wa serikali nao walikufa. Wengi walitoka mbali, hawakujua lugha za Fizi, na waliletwa kwa mashua mahali ambapo hawakuwa na ndugu. Na wao walikuwa watoto wa watu.

Namna Bahasa alivyokufa

Baada ya Fizi kuanguka, Che na watu wake walihamahama katika milima. Tarehe 24 Oktoba adui alishambulia kambi yao. Walinzi hawakuwa mahali walipotakiwa kuwa, na onyo lilichelewa. Kambi iliachwa na kuchomwa, na baruti nyingi ikapotea. Bahasa alipigwa risasi wakati huo.

Wenzake walimbeba kwa saa nyingi, wakipanda na kushuka milima yenye utelezi wa mvua. Waganga walimwangalia, lakini jeraha la pafu katika milima isiyo na hospitali halikuwa na dawa. Tarehe 26, alfajiri, akafa.

Hata pale Bendera, Wakuba hawakupata mwili wa mtu wao. Bahasa, kwa hesabu ya Che, alikuwa wa sita kupotea, na wa kwanza ambaye waliweza kumheshimu mwili wake ukiwa mbele yao. Che alisema mbele ya kaburi. Hakumsifu marehemu tu. Alijilaumu mwenyewe mbele ya askari wake, kwamba uzembe wake ndio ulioleta shambulio lile.

Hapo kuna fundisho kwa kila anayewaongoza vijana wenye silaha, wa jeshi la taifa au wa kundi lolote. Kifo cha askari kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ina jina la mkubwa fulani ndani yake. Mkubwa anayesema hivyo hadharani anaifanyia familia haki moja, yaani kuijulisha kwamba mtoto hakufa juu ya makosa yake peke yake.

Dawa, na aibu ya kufa

Kwa vijana wa Simba mambo yalikuwa kinyume. Kabla ya kwenda vitani walinyunyiziwa maji ya dawa. Mganga aliwaambia risasi zitageuka maji, ila kwa masharti: usiibe, usimguse mwanamke, usiogope, usigeuke nyuma. Masharti mengine yalitofautiana kwa mganga na mganga. Che aliandika juu ya dawa hiyo kwa urefu, kwa sababu aliona jinsi ilivyoongoza vita nzima.

Dawa iliwapa vijana moyo. Lakini iliweka mtego katika kifo. Kama dawa haiwezi kushindwa, basi aliyekufa alivunja sharti. Aliogopa, au aliiba, au alilala na mwanamke. Kila maiti ikawa ushahidi wa kosa la maiti yenyewe. Mganga alibaki safi, mkubwa alibaki safi, na kijana akazikwa, kama alizikwa, na lawama juu yake.

Hiyo ni moja ya sababu ambazo zinafanya watu wasimulie kidogo. Familia inayoambiwa mtoto wenu alivunja mwiko haiwezi kukaa matanga kwa sauti kubwa. Inanyamaza. Na dawa hiyo haikuisha mwaka 1965. Makundi ya Mai-Mai yaliyokuja baadaye yalirithi maji hayo pamoja na masharti yake, na pamoja na desturi ya kumlaumu aliyekufa. Kuna nyumba katika Fizi ambako babu alilaumiwa hivyo mwaka 1965, na mjukuu akalaumiwa vilevile miaka 40 baadaye.

Leo mtu anaweza kusema wazi: kijana aliyepigwa risasi hakuvunja kitu. Risasi haiulizi.

Usiku wa kuondoka

Mwezi wa kumi na moja mambo yaliharakishwa. Serikali za Afrika zilitaka wageni wote waondoke Kongo, wa upande huu na wa upande ule, na Tanzania ikawaomba Wakuba warudi. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Novemba 1965, Che na Wakuba waliobaki walipanda mashua kuelekea Kigoma. Baadhi ya wakubwa Wakongomani waliondoka nao. Wapiganaji wengi wa kawaida, vijana wa mahali, walitaka kuondoka pia. Nafasi haikuwapo. Walibaki mwambaoni.

Siku tatu baadaye, tarehe 24 Novemba, Mobutu alichukua madaraka Léopoldville. Wale waliobaki pwani waliingia katika miaka ambayo kusema "nilikuwa Simba" kungeweza kukupeleka gerezani au kaburini. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa eneo hilo akiwa bado hajafikisha miaka 26, aliendelea na maquis yake ya PRP katika milima ya Fizi kuanzia 1967, na hapo tena vijana walikufa. Kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Mobutu alipoanguka mwaka 1997, mtu hakuweza kuweka hadharani msalaba wenye jina la mpiganaji wa 1965.

Che aliandika habari za Kongo akiwa amejificha Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Kuba, mara baada ya kuondoka. Kitabu chenyewe kilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1999. Yeye aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967. Mbili, aliyekuwa naye Kibamba, alikuwa ameuawa hukohuko Bolivia tarehe 30 Julai mwaka huo.

Wengine wanakumbuka namna gani

Nchi na majeshi zina njia zao za kumkumbuka askari. Tarehe 7 Desemba 1989, Kuba iliwazika kwa siku moja, nchi nzima, askari wake zaidi ya 2.000 waliokufa nje, wengi wao Angola. Kila mji mkubwa ulipokea mifupa ya watoto wake, na siku hiyo imebaki siku ya ukumbusho.

Umoja wa Mataifa una desturi ya kuwaita kwa majina walinzi wa amani waliokufa, kila mwaka karibu ya tarehe 29 mwezi wa tano. Fizi iko ndani ya orodha hiyo: mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2018, karibu na Lulimba, mlinzi wa amani kutoka Pakistani aliuawa katika shambulio la kuvizia. Mwaka uleule, mwezi wa kumi na moja, karibu na Beni, askari wa Malawi Chancy Chitete aliuawa wakati wa kumwokoa askari wa Tanzania aliyejeruhiwa. Mwaka 2019 Katibu Mkuu António Guterres alimkabidhi mjane wake medali ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo hutolewa kwa ushujaa usio wa kawaida. Mtanzania yule aliishi, na dunia inajua jina la kijana aliyemfia.

Kongo nayo ina siku zake. Tarehe 4 Januari ni ya mashahidi wa uhuru. Tarehe 2 Agosti imewekwa kukumbuka waliouawa katika vita za mashariki, ile inayoitwa Genocost. Lakini sheria iliyoweka mambo ya fidia kwa wahanga inahusu vita za kuanzia miaka ya 1990. Kijana aliyekufa Baraka mwaka 1965 hayuko ndani yake. Kwa hiyo, kwa wafu wa 1965, kazi imebaki kwa familia, makanisa na mashule ya hapa.

Familia inaweza kuandika nini

Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1965 alitimiza 75 mwaka 2025. Hiyo maana yake wanaokumbuka kwa macho yao ni wachache, na kila msimu wanapungua. Kuandika hakuhitaji mradi wala pesa. Kunahitaji daftari, kalamu na mzee aliye tayari.

Mambo yafuatayo yanatosha kwa mtu mmoja:

Jina la nyumbani, jina la ubatizo kama lilikuwapo, na jina la vita. Majina haya matatu yaandikwe pamoja, kwa sababu ndipo mtu mwingine ataweza kutambua kwamba ni mtu yuleyule.

Jina la baba na la mama, ukoo, kijiji, na sekta: Mutambala, Tanganyika, Lulenge au Ngandja. Vijiji vingi vilihama baada ya vita, basi iandikwe kilikuwa wapi wakati ule.

Alikuwa na umri gani. Kama mwaka haujulikani, iulizwe alikuwa anasoma darasa gani, au alikuwa mkubwa au mdogo kuliko nani.

Alionekana mara ya mwisho wapi, na nani alimwona. Kuona kwa macho na kusikia kwa mtu ni vitu viwili. Viandikwe tofauti.

Nani katika ukoo anabeba jina lake leo. Katika nyumba nyingi mtoto alipewa jina la yule asiyerudi, na jina hilo ndilo kaburi pekee alilopata.

Wazee wengi hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka matukio. Mzee akisema "ilikuwa kabla ya Baraka kushikwa", hapo tayari kuna tarehe. Orodha hii inasaidia:

15 Mei 1964: waasi wanaingia Uvira.
24 Novemba 1964: serikali inarudi Stanleyville.
24 Aprili 1965: Wakuba wa kwanza wanafika Kibamba.
7 Juni 1965: Léonard Mitoudidi, mkubwa wa waasi aliyependwa na wengi, anazama ziwani karibu na Kibamba.
29 Juni 1965: vita ya Bendera.
27 Septemba 1965: mamluki na ANC wanateremka Baraka.
Karibu ya 10 Oktoba 1965: Fizi inashikwa.
21 Novemba 1965: Wakuba wanafika Kigoma.
24 Novemba 1965: Mobutu anachukua nchi.

Vitabu vya ubatizo vya parokia na madaftari ya shule za misioni, yale ambayo hayakuchomwa, yanaweza kutoa jina na mwaka wa kuzaliwa. Ni vizuri kutengeneza nakala mbili: moja ibaki nyumbani, nyingine iwekwe kwa ndugu aliye mji mwingine au ng'ambo ya ziwa. Nyumba zinaungua, na watu wa Fizi wanajua hilo kuliko wengi.

Kwa wale waliokufa katika vita za karibuni, kuna sababu zaidi ya kumbukumbu. Mjane wa askari wa FARDC bila hati ya kifo hawezi kufuata haki zake wala za watoto. Kifo kikitangazwa mapema kwenye ofisi ya état civil, kazi ni ndogo. Kikikaa miaka, jambo linakwenda mbele ya mahakama na linataka mashahidi.

Kuwakumbuka bila kuwasha moto

Kuna woga mmoja ambao ni wa haki. Katika Fizi, Uvira na Hauts Plateaux, hadithi ya 1965 haisimuliwi sawa katika kila nyumba. Vijana wa makabila mbalimbali walijikuta katika pande tofauti, na katika kundi moja pia walikuwamo watu ambao watoto wao walikuja kupigana wao kwa wao. Anayesimulia kifo cha ndugu yake anaweza kuamsha hasira dhidi ya jirani ambaye hakuwa hata amezaliwa.

Njia ya kuepuka hilo si kunyamaza. Kimya cha miaka 30 hakikuzuia vita zilizofuata. Njia ni kuandika mtu kwanza, upande baadaye: jina, mama, kijiji, umri, siku. Orodha ya namna hiyo haimshitaki mtu. Inaonyesha tu kwamba mvulana wa Lulenge, mkimbizi wa Rwanda, askari wa ANC aliyeletwa kwa mashua na Mkuba aliyeitwa Nne walikuwa karibu na umri mmoja, na kwamba nyumbani kwa kila mmoja kuna mtu aliyengojea.

Kijiji kinachoweza kusoma majina 10 ya vijana wake kwa sauti, siku moja kwa mwaka, kanisani au msikitini au chini ya mti wa shefu, kimepata kitu ambacho Simba wa 1965 hawakupewa: kufa bila kulaumiwa. Na kijana wa leo anayeitwa kwenda porini, akisikia orodha hiyo, atajua pia hesabu yake. Waliomwita babu yake walikuwa na majina makubwa, na wengi wao walipata nafasi ndani ya mashua. Yeye alibaki mwambaoni.